Glasi za Valer

Ukitaka kumjua Burcea Căldărar, usimwulize habari zake. Mpelekee sufuria iliyotoboka. Ataitazama mara moja tu, kisha atakusomea maisha yako: hapa uliacha moto mkali ukaenda kupiga soga, hapa mkeo aliikwangua kwa kijiko cha chuma akiwa na hasira zake, na hapa ulimpelekea fundi wa ovyo kabla ya kuja kwangu, usibishe. Habari zake mwenyewe alizitoa kwa kubana. Na lipo jambo moja ambalo hakupenda kulitaja kabisa, nalo ni kwamba kwa miaka thelathini, katika baa ya Valer pale Valea Cornului, watu wengine walinywea glasi ndani, na yeye na Waroma wenzake, kabila la mafundi wahamahamaji, walinywea vikombe vya plastiki nje.

Hakuna aliyeandika amri hiyo ukutani. Ukiingia, Valer anakuamkia kwa jina, anakuuliza hali ya watoto na ya farasi, na huku mnazungumza mkono wake unakwenda wenyewe chini ya kaunta, kwenye rundo la vikombe vyeupe, wala haangalii. Unapokea chako, unashukuru, unatoka, unakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Mvua ikinyesha unakunywa harakaharaka.

Burcea alizaliwa kwenye mkokoteni wa farasi, mwaka ambao serikali ya wakati ule ilianza kuwakataza Waroma kuhamahama. Mkokoteni ukasimama ulipokatazwa, ukingoni mwa kijiji hicho, na hapo ndipo pakawa kwao. Baba yake alikuwa amerudi kutoka ng'ambo ya mto Bug, walikopelekwa kwa nguvu wakati wa vita vikuu vya pili akiwa mtoto. Walikwenda ndugu sita, akarudi peke yake. Mzee yule hakuwafundisha wanawe chuki, aliwafundisha nyundo. "Uwe mtu wa lazima kwao," alimwambia Burcea. "Hakuna amfukuzaye mtu aliyemfulia chungu chake."

Burcea akawa mtu wa lazima kwelikweli. Bonde lile ni la plamu, na mwenye plamu asipokeneka pombe yake vuli inapoingia huyo si mtu wa kuulizwa jambo. Na pombe haikenekwi kwenye ndoo. Inataka chungu kikubwa cha shaba, kofia yake, na mrija mrefu wa kupozea mvuke. Kila chungu bondeni kilikuwa na alama ya nyundo ya Burcea chini ya shingo. Hata padri alikuwa nacho, ingawa chake kilikaa nyuma ya kuni. Pombe waliyokuwa wakimpa Burcea kwenye plastiki ilikuwa imepita kwenye shaba ya Burcea tone kwa tone, na hakuna hata mmoja aliyeona kichekesho hicho isipokuwa Burcea mwenyewe, ambaye alikicheka kimoyomoyo akamaliza.

Kuhusu ubaguzi alikuwa na msimamo mmoja tu, na aliutoa kwenye kazi yake. "Shaba ukiipiga ikiwa baridi inakuwa ngumu," alikuwa akisema. "Ukizidi kuipiga inapasuka mikononi mwako. Ipashe moto kwanza. Na mtu ni hivyohivyo: mpashe moyo kwanza, mengine yatafuata." Alikuwa amelisema hilo mara nyingi mno, hata mkewe Zambila alilisema pamoja naye kwa midomo tu, bila sauti, huku akichekecha unga.

Zambila yeye hakutaka kumpasha mtu moto. Alikuwa mwanamke mnene wa sketi za maua, mwenye ulimi usio na kamba. "Baa ya nini?" alikuwa akisema. "Kahawa ipo nyumbani, pombe ipo nyumbani, kiti kipo nyumbani. Mtu mzima unakwenda kukaa kwenye benchi la watu kama mzigo uliosahaulika. Wao kwao, sisi kwetu. Asiyekutaka usimtake."

Basi wakaishi hivyo, kila mmoja na maoni yake, kwa amani kabisa, mpaka binti yao Safira alipokuja likizo msimu wa cheri.

Safira alikuwa karani kwa wakili mmoja mjini Sibiu. Alivaa suruali, jambo lililomfanya mama yake ageuze uso mara tatu kabla ya kumkumbatia. Jumamosi akamfuata baba yake baa, akataka kahawa. Valer akafurahi kumwona, akamwita binti yangu, akamuuliza ataolewa lini, kisha akampa kahawa kwenye kikombe cha plastiki.

"Baba Valer, naomba kwenye kikombe kama cha yule pale."

"Vimekwisha, binti yangu."

"Naviona rafuni. Vile pale. Kumi na moja."

Valer akapangusa kaunta iliyokuwa kavu. "Vya nje ni plastiki," akasema. "Vya udongo vinavunjika huko nje."

"Sijasema naenda nje."

"Nyinyi huwa mnakaa nje. Muulize baba yako. Burcea bwana, si mnapenda wenyewe upepo?"

Burcea alikuwa ameshashika chake, mguu mmoja uko kizingitini. Angeweza kusema lolote. Alisema, "Twende, mwanangu, jua zuri." Safira akaiacha kahawa pale juu ya kaunta, akatoka mbele yake, akatembea akiitazama njia tu. Burcea aliona aibu. Aliona aibu kuliko siku yoyote anayoikumbuka, na kwa kuwa hakujua aielekeze wapi aibu hiyo, akamkasirikia binti yake.

Nyumbani moto ukawaka. Safira alitaka kuandika malalamiko kwa baraza la serikali la kupambana na ubaguzi, na alimtaka baba yake aweke jina lake, maana yeye alinyimwa kikombe siku moja tu na siku moja inaweza kuitwa bahati mbaya. Miaka thelathini haiwezi.

"Sheria itampa Valer amri," Burcea akasema. "Haitampa moyo."

"Sitaki moyo wake, baba. Nataka kikombe."

"Kikombe kisichotoka moyoni ni cha nini?"

"Cha kunywea kahawa."

Zambila akacheka mpaka akakaa chini. Burcea hakucheka. Akamkumbusha binti yake mwaka ule mbaya, baada ya serikali ya zamani kuanguka, watu wa kijiji cha pili walipokuja na mienge kuchoma nyumba za Waroma. Safira alikuwa bado ananyonya. Ni Valer aliyeziba barabara kwa trekta lake, akasimama juu yake na uma wa nyasi, akawaambia nyumba ya mfua shaba haichomwi labda wapite juu ya maiti yake. Wakarudi. "Sasa mtu huyo," Burcea akasema, huku akifuta machozi kwa kiganja, "mtu huyo nimwandikie barua kwa serikali?"

Safira alijua habari hiyo, lakini hakuwahi kumwona baba yake akitokwa na machozi akiisimulia. Kisha akasema polepole, "Basi moyo anao, baba. Anao tangu mimi nanyonya. Mbona glasi hatoi?"

Burcea akatoka akaenda kwenye fuawe lake, akapiga shaba hadi jua likazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi alipasua kofia ya chungu.

Jina hakuliweka. Safira akaandika kwa jina lake mwenyewe, akarudi mjini. Mwezi wa Julai ikaja taarifa kwamba Bi Doina, mjumbe wa baraza, atafika ofisi ya meya kusikiliza pande zote mbili, na kwamba fundi Burcea anaombwa kuwapo kama shahidi. Sasa ikawa hakuna pa kujificha. Akisema kweli, anampoteza Valer. Akinyamaza, binti yake ataonekana mzushi mbele ya kijiji kizima.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Valer alikuja mwenyewe. Alikuja na mkate mtamu wa mkewe, akapewa kiti kizuri karibu na jiko, akapumua. Zambila akamletea kahawa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo Valer hakulijua. Katika nyumba ya Mroma mfua shaba, maji yana mipaka yake. Beseni la kuoshea vyombo haliguswi na nguo, nguo za juu hazichanganywi na za chini, na sketi ya mwanamke ikipita juu ya sahani, sahani hiyo imekwisha, itupe. Watu wasio Waroma, wale tunaowaita gaje, au gajo akiwa mmoja, hawayajui haya. Wanafua soksi na kusuuza vikombe kwenye beseni moja na bado wanalala usingizi. Kwa hiyo kinywa cha gajo, kwa sheria zetu, si safi, na chombo alichonywea hakirudi kati ya vyombo vya nyumba. Ananunuliwa chake. Kinaoshwa peke yake, kinatundikwa peke yake. Zambila alimnunulia Valer kikombe kwenye gulio la Medieș, cha kaure, chenye maua ya buluu na ukingo wa dhahabu, kizuri kuliko chochote walichonywea wenyewe, kwa sababu hakutaka gajo asononeke. Ukimuuliza atakwambia si chuki, ni usafi. Na ukimuuliza Valer kuhusu plastiki zake, akikuamini, atakwambia hivyohivyo.

Valer akakipokea kwa mikono miwili. "Kikombe changu!" akasema. "Angalia, Burcea bwana. Miaka ishirini na saba nakunywea kikombe hikihiki. Hata kwa mama mkwe wangu sina kikombe changu. Kesho nitamwambia yule mama wa serikali: mimi mbaguzi? Mimi nina kikombe changu katika nyumba ya Mroma! Nawe utanishuhudia."

Zambila aligeukia jiko ghafla. Mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko. Burcea alimtazama rafiki yake alivyokiinua kikombe kwenye taa ili kuona maua, kwa furaha ya mtu aliyeheshimiwa, na akamwonea huruma kubwa. Alitaka kumwambia palepale. Badala yake akaongeza kuni jikoni.

Ofisi ya meya ilikuwa na joto na nzi. Bi Doina alikuwa mwanamke wa makamo, miwani puani, asiyepandisha sauti. Safira alieleza yake. Valer akaeleza yake: plastiki ni kwa sababu wanakunywa nje.

"Na kwa nini wanakunywa nje?" Bi Doina akauliza.

"Kwa sababu… wana vikombe vya plastiki. Hatutaki plastiki ndani, inachafua."

Safira akainamisha kichwa asionekane akicheka. Valer mwenyewe alisikia kuwa hapo pana tundu, akaharakisha kuliziba. Akasimama, akaweka mkono kifuani. "Mama, nikuulize mimi jambo moja la kweli. Nani hapa kijijini anakaribishwa kwa Burcea kama mimi? Nina kikombe changu pale! Cha maua, cha dhahabu. Hakiguswi na mtu mwingine. Mbaguzi anatunziwa kikombe? Burcea yule pale, mwulize."

Bi Doina akageuka. "Mzee Burcea, ni kweli?"

Kofia pana ya Burcea ilikuwa magotini, naye akaizungusha mara moja. Aliona binti yake hamtazami, anatazama meza, kama siku ile alivyoitazama njia. Ndipo alipojua kwamba kunyamaza amekwisha kunyamaza kiasi cha kumtosha.

"Ni kweli hakiguswi na mtu mwingine," akasema. "Valer, unisamehe. Kile si cha heshima. Kwetu kinywa cha gajo hakihesabiwi safi. Ukinywea chombo chetu, hatukinywei tena. Ndiyo maana una chako. Zambila alitafuta kizuri ili usijue."

Valer alikaa polepole, kama mtu anayepapasa kiti gizani. Uso ulimwiva.

"Miaka ishirini na saba?"

"Ishirini na saba."

"Kwani mimi nina ugonjwa?"

"Huna, Valer. Nami sina. Hilo swali nimelikalia kwenye benchi lako kila Jumamosi."

Hasira ikaja kumwokoa Valer. "Andika, mama!" akapiga kelele. "Andika! Nao wanabagua! Tumetoka sare!"

"Aandike," Safira akasema, naye alikuwa amesimama sasa. "Na haya pia aandike. Nani amekosa kazi kwa ajili ya kikombe cha mama yangu? Nani amefukuzwa hospitali? Nani amekaa nje kwenye theluji? Wewe baba Valer ulipewa kiti cha karibu na jiko. Mama yangu amekosea, nitamwambia mwenyewe, na atanipiga na mwiko. Lakini sare? Sare ya wapi?"

"Kaa, binti," Bi Doina akasema, na kalamu yake ilikuwa haijasimama. Kisha akamuuliza Burcea swali la mwisho: tangu lini amepewa plastiki, na kama aliwahi kuomba glasi. Burcea akajibu tangu baa ilipofunguliwa. Kuomba, hakuwahi. "Nilikuwa nangoja anipe mwenyewe," akasema, na alipojisikia akilisema kwa sauti mbele ya watu, aliliona lilivyo dogo.

Zambila hakumsemesha mumewe siku nne. Siku ya tano akamwambia, "Umenivua nguo mbele ya gaje." Akaongeza kwamba desturi ni desturi na yeye habadili beseni kwa ajili ya serikali. Safira akamwambia kwa simu kwamba mabeseni abaki nayo, lakini kumdanganya mtu kwa maua ya buluu ni jambo jingine. Valer alikuja langoni siku moja, hakuingia, akasema kwa ukali, "Nipe kikombe changu." Zambila akampa, kimefungwa kwa gazeti, na kwa mara ya kwanza alimwona hakustahili kuchekwa. Akarudi ndani akakaa na viazi vyake mapajani bila kumenya hata kimoja.

Mwishoni mwa Agosti barua ya baraza ikatoka. Valer alipewa onyo, na tangazo la kubandika ukutani: watu wote, vyombo vilevile, mahali pamoja. Kijiji kikagawanyika kama kawaida yake. Wengine walisema ni haki, wengine wakasema serikali sasa itatufundisha hata kupiga chafya. Waroma wachache walijaribu glasi, wengi waliendelea na benchi kwa kuwa wamelizoea. Burcea hakwenda kabisa. Wiki nne alikuwa na kazi nyingi mno, ghafla, hata za Jumamosi.

"Unaogopa nini?" Safira akamuuliza kwa simu. "Atakunyima?"

"Hataninyima. Atanipa kwa chuki."

"Baba, na ile aliyokupa kwa upendo ulinywea wapi?"

Jumamosi iliyofuata Burcea alichana masharubu, akavaa kofia, akaenda. Plamu zilikuwa zimeiva na nyigu wamejaa barabarani. Akaingia. Tangazo lilikuwa ukutani, limebandikwa upogo kwa makusudi. Burcea hakusimama mlangoni kama siku zote. Alitembea mpaka kwenye kaunta, akaweka viwiko vyake juu yake. Ilikuwa ya mti wa mwaloni, imelainika kwa viwiko vya watu wengine.

Valer hakumuuliza watoto wala farasi. Mkono wake ulishuka chini ya kaunta kwa mazoea, ukasita huko, ukapanda mtupu. Akachukua glasi rafuni. Akaijaza, akaitua kwa kishindo hata pombe ikamwagikia vidole vyake mwenyewe.

"Haya. Umefurahi?"

Burcea alikuwa akijichunguza. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na hakika kwamba glasi ya kulazimishwa ingekuwa chungu. Alikunywa kidogo, akangoja uchungu uje. Haukuja. Ilikuwa pombe ya plamu, nzuri, ya mwaka jana, naye alikuwa amesimama ndani na mgongo wake una joto. Uso wa Valer ulikuwa kama wa mtu anayeng'olewa jino, na hilo lilimuuma Burcea, lilimuuma sana, kwa sababu alikuwa bado anampenda. Lakini aligundua kwamba anaweza kuumia hivyo akiwa ndani vilevile.

"Nimefurahi," akasema.

Alimaliza taratibu. Nje, chini ya dirisha, hakuna mtu aliyewahi kukaa kwa ajili ya kikombe cha pili. Plastiki ilikuwa ya kumaliza uende zako. Burcea akaisukuma glasi mbele.

"Nyingine."

Valer akamkazia macho. "Bado una kiu?"

"Ya miaka thelathini, Valer."

Mtu mmoja mezani akacheka, akajizuia. Valer akaipangusa glasi ukingoni kwa kitambaa safi, akamimina, na safari hii haikumwagika.